Mvinyo wa Soksi ya Kijani

Sidi, mama yangu,

Umekwenda Magarini na mama yako kuwaaga wazee, nami nimebaki hapa nyumbani na sanduku lako. Mmelisimamisha mlangoni, na kila nikipita naligonga kwa ugoko. Nimelitukana vya kutosha, sasa nimekaa niandike.

Habari za koti, pasipoti na kula vizuri sitaziandika. Hizo mama yako amezisema mpaka nusu ya mtaa wetu wa Kisumu Ndogo inajua rangi ya fulana zako za baridi. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana ukiosha vyombo, ukidhani uko peke yako na sufuria. Ulisema, "Labda nisiende. Nani atamnusia baba?"

Nilikusikia. Iliyokufa ni pua, masikio yangu mazima.

Basi ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku. Isome yote, kisha uamue. Sitakusukuma kwenye gari asubuhi, wala sitakushika nguo kukuzuia. Ila uamue ukiwa unajua mambo yalivyokuwa upande wangu, maana mimi ni mtu wa maneno mengi kwa wageni na machache nyumbani. Shukrani zako nimezibeba siku nyingi bila kuzitoa, na sasa unakwenda Hungaria.

Nilivyoingia katika mvinyo hujawahi kuambiwa sawasawa. Mama yako hupenda kuwaambia watu wa kanisani kwamba nilisomea. Nilisomea wapi! Babu yako alikuwa mgema, na kwetu anayemimina mnazi hunywa yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone hakuna ubaya ndani. Nimekulia katika adabu hiyo. Wiki yangu ya kwanza hotelini kwa Mtaliano, nikapewa chupa ya mvinyo mwekundu nimpelekee mzee mmoja aliyekaa na mkewe. Nikafungua, nikamimina katika bilauri yake, nikainua, nikanywa. Nikajifuta mdomo, nikamrudishia bilauri, nikamwambia karibu.

Loo! Yule bibi alishika mkufu wake kana kwamba nimekuja kuuchukua. Tajiri wangu, yule Mtaliano, akatoka jikoni uso umemwiva. Mimi nimesimama pale na tabasamu langu, najua nimetenda jambo la heshima, sielewi watu wanatazama nini. Yule mzee akaniuliza kwa upole kwa nini nimekunywa. Nikamwambia, "Ili kama una ubaya, uanze na mimi." Akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia tajiri kwamba kwao zamani wakubwa walikuwa na watu wa kazi hiyohiyo, na huyu asifukuzwe, afundishwe.

Nikafundishwa. Nikapewa bilauri yangu ndogo ya kuonjea, na ya mgeni nikakatazwa kuigusa. Chakula ulichokula, shule uliyosoma, paa hili linalovuja upande wa jiko, vyote vilitoka katika kosa lile. Kwa hiyo mimi makosa siyaogopi sana, na nakuomba nawe usiyaogope. Huko uendako utakunywa kutoka bilauri isiyo yako, utaona watu wanashika mikufu. Waambie tu ulichokuwa unakusudia.

Halafu zikaja zile jioni zetu za soksi, baada ya wewe kumaliza shule na kuanza kazi pale pale hotelini. Nilitaka ujifunze kuujua mvinyo bila kuiona chupa, kama wanavyofanya wenyewe. Tajiri akaniruhusu nichukue mabaki ya wageni. Lakini lazima awepo mtu wa tatu wa kuzificha chupa, ajue jibu na asionje. Nani huyo katika nyumba hii? Mama yako, aliyeokoka, mwalimu wa chekechea, ambaye hata mnazi wa harusini huusalimia kwa mbali.

"Pombe ndani ya nyumba yangu, Kahindi?"

"Hutakunywa, Mama Sidi. Utazivisha nguo tu."

"Chupa nizivishe nguo?"

"Soksi za Sidi za shule ya msingi. Ziko pale, hazimwingii mtu."

Alinuna siku mbili, halafu akaikamata kazi ile kwa mikono yote miwili. Unamkumbuka alivyokuwa akisimama na leso kiunoni, chupa zimejipanga mezani na soksi zao nyeupe na za kijani, uso wake mkavu kabisa? Tukisema vizuri, "Haya." Tukikosea, "Siyo." Na ile sheria yake ya darasani aliyotuletea mpaka mezani: asiyepata jibu haambiwi jibu. Nikamwambia mbona watu wazima hufunuliwa chupa mwishoni, wajifunze. Akasema, "Ukiambiwa utasahau. Usipoambiwa utaumia, na ukiumia utakumbuka." Nikasema huyu mwanamke ana roho ngumu. Kumbe alikuwa anakuandalia safari.

Vitabu vyangu vya mvinyo vilikuwa vinasema cheri, rasiberi, zambarau za Ulaya, vitu ambavyo mimi na wewe hatujavitia mdomoni. Nikawa nakukaririsha hivyohivyo. Siku moja ukaniuliza, "Baba, cheri inanukaje?" Nikajibu kwa ujasiri, "Kama mvinyo mwekundu." Wewe ukanitazama. Kesho yake ukaja na matunda ya kwetu, kunazi, ukwaju na mabungo, pamoja na pilipili hoho zilizokauka, kipande cha udongo kilichobanduka ukutani, ukaanza kunusa kimoja baada ya kingine na kurudi kwenye bilauri. Nilikucheka. Nilikuambia Mzungu hawezi kuagiza mvinyo wa mabungo. Naomba radhi kwa kicheko kile.

Sasa nifike pale panaponiuma. Korona iliponilaza nilipona kila mahali isipokuwa puani. Nikangoja. Nikajifukiza mwarobaini, nikapaka mafuta, nikanusa vitunguu mpaka machozi yakanitoka, na kitunguu chenyewe nisikisikie. Hotelini nikanyamaza. Mtu wa mvinyo asiyenusa ni wa nini? Ulimi wangu ulikuwa bado unajua uchachu, utamu, na ule ukakasi unaokausha fizi. Lakini uchachu na ukakasi havikuambii kitu kizima. Ni sawa na kumtambua mtu kwa vidole vya miguu.

Wewe ndiye uliyenigundua. Maziwa yaliungua, mama yako akayatilia chai kwa haraka za kwenda kazini, na mimi nikaisifu. Ulinitazama juu ya kikombe chako. Hukusema neno mbele yake. Siku ile ile hotelini nikafungua chupa, na kabla sijaipeleka mezani ukapita karibu, ukainama juu ya kizibo kana kwamba unaokota kitu, ukaendelea na safari yako. Kitambaa cha kazi kilikuwa begani mwako kulia. Kwa chupa ya tatu kilikuwa begani kushoto. Nikaelewa: kulia mvinyo mzima, kushoto siyo. Nikaurudisha ule mvinyo jikoni, nikasema umeharibika, unanuka gunia lililolowa, na tajiri akanusa akasema, "Kahindi, hakuna pua kama yako pwani nzima."

Mwanangu, unajua nilivyojisikia? Nilitaka kulia na nilitaka kukuchapa, vyote pamoja. Kwetu anayempenda mtu hutangulia kuonja kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyepaswa kukutangulia wewe, na tazama, mtoto ananitangulia mimi, na hataki hata kushukuriwa. Nami sikukushukuru. Nilikuwa nakuagiza tu, "Simama karibu."

Haya, ule usiku wa Bi Ilona. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma yangu, hukuuona uso wangu.

Unajua alikuwa mgeni wetu wa kila mwaka, mwanamke mwenye shamba la zabibu kwao Hungaria, anakimbilia Malindi baridi yao ikizidi. Mara ya kwanza alimwachia tajiri chupa moja ya kwao, wakanywa nusu, nusu nikaja nayo nyumbani. Mama yako akaivisha soksi ya kijani. Nikaonja: mwekundu lakini mwepesi, unaona vidole vyako upande wa pili wa bilauri, mchachu, ukakasi kidogo sana. Pua hakuna. Kwa sababu ya kiburi nikapiga jina kubwa la zabibu, "Pinot Noir!" Mama yako akasema, "Siyo." Wewe ukanusa muda mrefu, ukasema hujui, lakini umeupenda. Mama yako akaisugua chupa kwa jivu mpaka karatasi yake ya jina ikatoka, akaitilia mafuta ya nazi, habari ikaisha. Ukabaki mvinyo wetu usio na jina. Ulikuwa ukimbembeleza hata wakati wa kusukwa nywele, naye hakukubali.

Mwaka uliofuata Bi Ilona akarudi na chupa imefungwa kitambaa. Akasema anataka kunijaribu mimi. Tajiri akavuta kiti, akawaita wageni wa meza mbili wasogee, akatamba kwamba mtu wake hajawahi kushindwa. Nilimimina katika bilauri yangu ndogo. Nikanywa kwanza, kama kawaida yangu.

Mwepesi. Mchachu. Ukakasi kidogo. Nikaona vidole vyangu upande wa pili. Nikashusha pumzi, nikajua la kusema, nikafungua mdomo niseme Pinot Noir kwa sauti ya mtu mzima mwenye kazi yake. Ndipo nikakuona katika kioo cha kabati la chupa. Ulikuwa umeinusa ile chupa yake mezani ukipanga vijiko, na ulijua jina nitakalolirudia. Na kitambaa chako kilikuwa begani kushoto.

Sidi, nilikasirika. Ndiyo, nilikukasirikia wewe. Nilisema moyoni, huyu mtoto anataka kunivua nguo mbele za watu. Kama jina si hilo, mimi sina jina jingine, na nikinyamaza tajiri atajua, na akijua nimekwisha. Halafu nikakuangalia tena katika kile kioo, nikaona unaogopa kuliko mimi. Ulikuwa umekishika kile kitambaa begani kwa mkono, umekibana pale pale, kushoto. Ulikuwa tayari niudhike nawe, mradi nisiaibike kwa jina la uongo.

Hapo ndipo nikaitoa bilauri kwako, nikawaambia wote, "Mimi sinusi. Tangu korona sinusi kitu. Pua yangu ni huyu hapa, binti yangu."

Wewe uliipokea bilauri kwa mikono miwili. Ukafumba macho. Nilidhani utaogopa, utasema hujui, turudi nyumbani pamoja hatuna kazi. Ukafumbua macho ukiwa unacheka. Ukasema, "Naujua huu. Ni wa soksi ya kijani!"

Watu wakaangaliana. Bi Ilona akauliza soksi ni aina gani ya zabibu. Tajiri akashika kichwa. Nawe, bila haya, ukatoa simu mbele ya wageni ukampigia mama yako, ukaweka sauti wote wasikie. Alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nyuma yake wanaimba.

"Mama, shikamoo. Ule wa soksi ya kijani, niambie jina."

"Marahaba. Umeupata?"

"Nimeupata. Uko hapa mbele yangu."

"Una harufu gani?"

Ala! Mtu anapigiwa simu kwa dharura, na bado anatunga mtihani. Ukamjibu, na wewe mwenyewe hukujua kwamba tajiri alikuwa anamtafsiria Bi Ilona neno kwa neno: "Kunazi zilizoanza kunywea juani. Pilipili hoho nyekundu iliyokauka, ile isiyowasha. Na nyuma kabisa ukuta wa udongo mvua inapoanza kuupiga."

Kwaya ikaimba ubeti mzima. Kisha mama yako akasema, kwa sauti ya darasani, "Vizuri. Andika. K, A, D, A, R, K, A. Kadarka. Nimeubeba mwaka mzima, sasa nimeutua." Akakata simu.

Bi Ilona alikuwa analia. Alifungua kitambaa, na jina lilikuwa hilo. Akatueleza kwamba zabibu hiyo ina ngozi nyembamba, inachelewa kuiva, mvua kidogo inaoza, na wakulima wengi kwao waliing'oa wakapanda za rahisi. Hata huko mtu akipewa bila kuiona chupa huisingizia jina la nyingine maarufu. "Kama wewe," akaniambia mimi, nami nikakubali. Halafu akakuambia kwamba mtu aliyeikumbuka bila kujua inaitwaje ndiye anayemtaka shambani kwake, ajifunze tangu kupogoa hadi kukamua, kwa gharama yake.

Na tajiri? Wewe ulikuwa umekwenda uani kulia, hukusikia. Alinijia akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unausifia mvinyo wangu wala huunusi?" Nikasema, "Naam, bwana." Akasema, "Ndiyo maana ulikuwa unausifia." Akacheka, nikacheka, na sikuamini mpaka kesho yake nilipokuta jina langu bado liko kwenye orodha ya zamu. Sasa mimi kazi yangu ni mlango na meza, kuwapokea watu na kuwaelezea, na vizibo ananusa yeye mwenyewe. Ameniambia jana tena kwamba hata wewe usiporudi, kazi yangu ipo. Kwa hiyo hotelini hakuna deni lako. Lisikurudishe.

Najua utasema, "Na nyumbani je?" Hapo ndipo penyewe. Tukitoka kazini kwa miguu ulianza tabia moja ambayo sikukuomba. Ulikuwa unaniambia njia. "Baba, hapa wanakaanga viazi karai, mafuta ni ya jana." "Baba, hapa kuna mtu amefukiza udi." "Hapa mlangilangi umechanua nyuma ya ukuta, subiri, simama kidogo." Tunasimama wawili barabarani, wewe unanusa, mimi nakutazama unavyonusa, na mji wa Malindi unanirudia kwa mdomo wako. Siku nyingine nilikuwa najifanya nimechoka ili twende polepole. Sasa umejua.

Ukibaki kwa ajili yangu, Sidi, kila utakachoniambia kitakuwa cha barabara ile ile, mpaka siku moja utachoka na hutaniambia kwa sababu unanihurumia. Ukienda, niletee nyingine. Theluji inanukaje? Pipa tupu? Mikono ya Bi Ilona akitoka shambani? Wakikufundisha kusema cheri, sema, ndiyo lugha yao. Lakini kwanza ukiwa peke yako sema kunazi, ndipo uitafute cheri. Na mahali usipojua sema hujui, kama ulivyosema usiku ule wa kwanza, huku mimi napiga majina makubwa. Kule kutojua kwako ndiko kulikokupeleka mbali.

Kwetu, nimekuambia, anayempenda mtu hutangulia. Safari hii siwezi kutangulia. Siijui baridi hiyo, siijui nchi, sina hata pua ya kuonjea. Tangulia wewe. Nakuamini hivyo, na nakushukuru, mama yangu, kwa kila kizibo, kwa kitambaa cha begani kushoto, kwa viazi karai vya mafuta ya jana. Nakushukuru hata kwa ile siku niliyokukasirikia.

Jambo la mwisho. Asubuhi kabla hamjaondoka mama yako alitia kitu ndani ya ile soksi ya kijani, akaifunga mdomo kwa uzi, akaizika katikati ya nguo zako. Nilimuuliza ni nini. Akasema, "Nusa." Nimelifungua sanduku lako nikaitoa, nimeishika puani hapa mezani muda mrefu, mtu mzima na soksi ya mtoto. Hakuna kitu. Nimeminya, amekizungushia vitambaa, siwezi kukisia. Nikamwambia kwa simu kwamba Sidi akishaondoka nani atakuwa ananiambia mambo, akajibu kuwa kunusa si dhambi, ataanza yeye kesho, lakini hii ya leo ni ya mtoto na sheria ni ile ile. Nimeirudisha mahali pake.

Kwa hiyo ukifika usinipigie kuniambia umefika. Hilo mama yako atalijua kabla ya rubani. Fungua sanduku, itoe, fumba macho. Halafu unipigie uniambie ndani mna nini.

Mimi nipo, nakungoja uniambie.

Baba yako,
Kahindi